Bosi Anayekujua kwa Jina

Hotuba hii niliitoa Mtwara mjini mbele ya wamiliki na wafanyakazi wa kampuni za kati. Nimeiandika kutoka kwenye karatasi nilizoshika siku ile, na nimeongeza mambo machache niliyoulizwa baada ya kushuka jukwaani.

Ndugu mwenyekiti, wamiliki wa kampuni mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, wafanyakazi wenzangu, na wazee wangu mlioko mbele: asalaam aleikum, na tumsifu Yesu Kristo.

Mmeniomba niseme wafanyakazi wanapenda nini na wanachukia nini katika kampuni zetu hizi za ukubwa wa kati. Nilianza kazi 2003 nikiwa karani wa mizani katika kiwanda cha kubangua korosho. Nikapita Lindi kwenye kampuni ya usafirishaji, nikarudi Mtwara, na huko nikastaafu nikiwa afisa utumishi. Miaka 22, kampuni tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa kubwa kiasi cha kusikika Dar es Salaam. Sitaitaja yoyote kwa jina, maana humu ndani kuna watu ambao riziki yao bado inatoka huko, na sikuja kumharibia mtu.

Sera ya serikali ya 2003 ya viwanda vidogo na biashara ndogo inahesabu kampuni ya kati kuwa yenye watu 50 hadi 99. Hesabu hiyo ina kazi yake ofisini. Kipimo changu mimi ni hiki: kampuni ya kati ni ile ambayo bosi bado anakujua kwa jina, lakini hawezi tena kukuona kila siku. Kwenye duka la watu watano, mwenye mali anaona mwenyewe nani kafika saa moja asubuhi na nani kaondoka saa mbili usiku. Kampuni ya watu elfu moja ina kanuni, ina idara, ina karatasi ya kila jambo. Sisi tuko katikati. Tunajuana kama ndugu, na karatasi hatuna. Kila nilichosikia wafanyakazi wakikipenda kilitoka kwenye kule kujuana, na karibu kila walichokichukia kilitoka hapo hapo.

Haya niliyajua kwa kuuliza. Mtu akileta barua ya kuacha kazi, nilikuwa namwita chini ya mkorosho ulioko nyuma ya stoo. Ofisini hapana, kwa sababu ukuta wangu ulikuwa wa plaiwudi na upande wa pili alikaa mhasibu. Nilimuuliza mambo mawili. Huko uendako utakumbuka nini cha hapa? Na ni siku gani hasa uliamua kuondoka? Swali la pili ndilo lililonifundisha zaidi. Mtu ukimuuliza kwa nini anaondoka, atakwambia mshahara. Ukimuuliza ni siku gani, atakusimulia jambo.

Wanachokumbuka, wengi walianza na misiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Mjomba hayumo. Sasa mwambie Mmakonde, au Mmakua, au Myao, au Mmwera kwamba mjomba si mtu wa karibu! Huku kwetu mjomba ndiye mwenye ukoo. Asipokuwepo hata mahari hayazungumzwi. Katika kampuni kubwa kijana anapeleka ombi, anajibiwa kwamba mjomba hayumo kwenye orodha. Katika kampuni ya kati anaingia kwa bosi, anasema, "Mzee, mjomba ametangulia," na bosi haulizi sheria inasemaje. Anauliza mazishi ni wapi na kama kenta la kampuni lina mafuta ya kufika Newala na kurudi. Nimeliona hili mara nyingi, na nawaambieni wamiliki: mtu anaweza kusahau nyongeza ya mshahara mliyompa, lakini kenta lile hatalisahau.

La pili ni msimu. Wafanyakazi wetu wengi ni wakulima pia. Korosho zinapoanza kudondoka, kila mmoja ana mikorosho yake, ya mama yake, au ya mke wake, inayohitaji kuokotwa kabla mvua haijaharibu. Mwajiri aliyetoka mbali anaona Oktoba kuwa mwezi kama miezi mingine, kisha anashangaa kwa nini watu wanaugua wote kwa pamoja. Bosi wetu wa mwisho alizaliwa Tandahimba, hakuhitaji kuelezwa. Alituruhusu tugawe zile siku 28 za likizo ya mwaka, nusu zikaangukia msimu, kwa zamu, na kila idara ikapanga yenyewe nani aanze. Mahudhurio ya Oktoba na Novemba yakawa mazuri kuliko ya Juni.

La tatu ni kujifunza. Nilimpokea kijana mmoja akibeba magunia. Fundi wa boila alipougua, hakukuwa na fundi wa pili, ikabidi kijana asimame pale akisoma geji ya mvuke huku fundi akimwelekeza kwa simu kutoka hospitali ya Ligula. Bila mvuke korosho haibanguliki. Ganda lazima lilainike kwanza. Kuanzia wiki ile kijana hakurudi kwenye magunia. Akajifunza jenereta, akajifunza tanuri la kukaushia, akatumwa mjini kununua beringi na akajua bei. Alipoondoka baada ya miaka minne alikuwa fundi kamili. Kwenye kampuni kubwa angebeba magunia miaka yote minne, maana boila ina watu wake. Aliniambia chini ya mkorosho, "Mama, hapa nimesomeshwa bila ada." Nami nikamuuliza, basi kwa nini unaondoka? Akasema, "Kwa sababu nalipwa bado kama mbeba magunia, na kila nikisema naambiwa sisi ni familia."

Hapo ndipo jambo linapogeuka, na naomba wamiliki mnivumilie.

Mama yangu alifariki 2006. Mwenye kampuni yetu ya kwanza alikuja mwenyewe hadi kijijini. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka na wanaume wa ukoo, na zamu yake ya kushika sepetu ilipofika alishika. Gunia la mchele alilolileta lililisha watu siku mbili. Mwaka uliofuata nilikwenda ofisi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuangalia michango yangu ya pensheni. Nilikuwa nakatwa asilimia 10 ya mshahara kila mwezi, na mwajiri alipaswa kuongeza asilimia 10 yake. Karani akanigeuzia karatasi. Miezi 19 ilikuwa mitupu. Nilikatwa, na hazikufika.

Nilirudi kazini kesho yake, nikampikia chai kama kawaida, sikusema neno. Mwezi ukapita, ukapita wa pili. Nilikuwa najiuliza: mtu aliyemzika mama yangu nitamdai vipi? Nitaanzaje? Nilihisi mimi ndiye mwenye kosa kwa kujua. Mpaka nilipoacha kazi pale sikuwahi kumuuliza, na miezi ile 19 haijalipwa hadi leo. Naiona kila mwezi katika pensheni yangu.

Simsemi kwa ubaya. Naamini alinilia mama yangu kwa machozi ya kweli. Naamini pia kwamba mwezi ule wa kwanza alisema moyoni mwake, nitalipa mwezi ujao, hawa ni watu wangu, watanielewa. Hilo ndilo ninalotaka wamiliki mlisikie. Mnapotuita familia, mnajifungulia mlango wa kutuchelewesha, na sisi mnatufungia mdomo. Mgeni angekudai siku ya kwanza, na pengine ungemlipa.

Wahenga wa madukani huandika ukutani, mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho ni mali.

Chukueni ovataimu. Sheria inasema saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na haziruhusiwi kupita 50 ndani ya wiki nne. Siku ya mapumziko na sikukuu ni malipo mara mbili. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Wangapi humu mnayafuata haya? Nauliza kwa upendo. Kwetu kontena likitakiwa bandarini kesho, supavaiza anapita akisema, "Jamani leo tusaidiane." Watu wanasaidiana hadi saa nne usiku. Mwisho wa mwezi, wanaolipwa ovataimu ni wanne, wale aliowakumbuka. Wengine wanaambiwa, "Tutaonana." Mfanyakazi hakasiriki sana kwa zile saa, hasira ni kwamba mwenzake alionekana na yeye hakuonekana. Dada mmoja wa idara ya kuchambua aliniambia siku aliyoamua kuondoka ni siku alipoona kilemba kipya cha jirani yake wa mezani, akajua kimenunuliwa kwa saa walizokaa pamoja.

Na hapa niseme kuhusu ndugu wa bosi. Kuajiri ndugu si dhambi, kampuni nyingi humu zilianzishwa na mume, mke na shemeji. Ila fikirieni kijana aliyemaliza chuo cha ufundi cha VETA, ana miaka sita kazini, anamfundisha kazi mtoto wa shangazi yako aliyefika Januari, na Machi huyo mtoto anakuwa msimamizi wake. Kijana hatasema kitu. Atakuja asubuhi, atasaini, atafanya kazi ya mikono tu, kichwa amekiacha nyumbani. Miezi mitatu baadaye utasikia yuko kwenye gesi, au kwenye saruji, au amepanda basi la Dar. Mtasema wakubwa wanatunyang'anya watu kwa mishahara. Kwa baadhi ni kweli, na hamtaweza kushindana nao kwa fedha. Wengine lakini walikuwa wameshaondoka siku nyingi, basi lilikuja kuwachukua tu.

Kuhusu mshahara kuchelewa, nataka niwatetee wamiliki kidogo, kwa sababu wafanyakazi wengi hawajui hela za kampuni ya kubangua zinavyokwenda. Korosho ghafi zinauzwa kwa mnada, kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani na kupewa risiti yake hadi uuzwe, kupitia vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU. Mnada unafunguka mwezi wa kumi, na ndani ya wiki chache kampuni inapaswa kununua mzigo wa kubangua mwaka mzima. Fedha zote zinatoka kwa mkupuo mmoja, na zinarudi kidogo kidogo. Kwa hiyo Novemba mfanyakazi anaona magunia yamejaa ghala hadi darini, na mshahara haujatoka. Anasema bosi anakula peke yake. Kumbe magunia yale ndiyo mshahara wake, umekaa ghalani.

Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga. Magari yetu matatu yalikwama upande huu na mzigo uliokwisha kuuzwa. Bosi wetu wa mwisho alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa wale wa kwanza. Tarehe 24, kabla mtu hajauliza, alitukusanya uwanjani wakati wa chai ya saa nne. Akasimama juu ya paleti, akasema mzigo uko wapi, una thamani gani, mnunuzi anadaiwa nini, na kwamba mshahara ungelipwa nusu tarehe 30 na nusu ndani ya wiki mbili. Akasema yeye na mkewe hawatachukua chochote mpaka wa mwisho alipwe. Kisha akamwambia mhasibu ayaandike yote yale na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo, na akasaini. Ile karatasi watu waliisoma kama Msahafu. Alilipa siku moja kabla ya tarehe aliyoandika. Mwezi ule hatukupoteza mtu hata mmoja, na tunajua miezi mingine, mshahara ukiwa kamili, tuliwahi kupoteza watano.

Mambo ya choo safi, maji ya kunywa, na gloves zisizotoboka nayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo, ila kila mtu humu anayajua na hayahitaji hotuba, yanahitaji kununuliwa. La akina mama nitakaa nalo kidogo. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Tulikuwa na mama aliyekuwa akivuka kwa kivuko kutoka Msangamkuu. Saa zake mbili zilikuwa karatasini. Mtoto yuko ng'ambo ya maji, atamnyonyesha vipi na kurudi? Msimamizi wake, mwanamke mwenzake, ndiye aliyesema: basi aanze saa tatu asubuhi, amalize mapema, saa zake azichukue mwanzoni na mwishoni mwa siku. Jambo lilimalizwa kwa dakika tano za maongezi. Nikaliandika kwenye faili lake, ili msimamizi akibadilika makubaliano yasibadilike. Hivyo ndivyo ninavyotaka kujuana kufanye kazi: mtu aone shida kwa sababu anamjua mwenzake, kisha aandike.

Nanyi wafanyakazi wenzangu, msipige makofi mapema. Nimekaa upande wa pili wa meza pia. Wapo waliochukua advansi tarehe 5, tarehe 12 na tarehe 20, kisha mwisho wa mwezi wakasema kampuni hailipi. Wapo waliokwenda ngomani siku tatu bila kuaga, wakarudi wakisema, "Bosi ananijua." Anakujua, ndiyo, na ndiyo sababu aliona aibu kukupa barua ya onyo, na mwenzako aliyebaki akibeba zamu yako akakatishwa tamaa. Kujuana kunawafunga mdomo na mabosi. Na mkisaini mkataba, usomeni. Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi unapoanza: cheo, saa, malipo, likizo. Ukiachishwa kazi isivyo haki una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona watu wakizimaliza wakisubiri bosi apoe.

Wamiliki mnaoogopa karatasi, mjue inawalinda nanyi. Kesi ikifika, mwajiri asipoweza kuonyesha yale maelezo ya maandishi, ni juu yake kuthibitisha kilichokubaliwa. Mdomo wako peke yako hautatosha, hata kama ulimzika mama wa mtu.

Nimalizie nilipoanzia, kwenye mizani.

Wabanguaji wetu walikuwa wanawake watupu, wakilipwa kwa kilo. Unakanyaga pedali, unazungusha mkono, ganda linafunguka, na mafuta yake yanaunguza ngozi. Vidole vya mama aliyebangua misimu mitano utavijua hata gizani. Kiini kikitoka kizima kina bei yake, kikipasuka kinahesabiwa vipande. Jioni wanapanga foleni na ndoo zao. Mizani ilikuwa mezani kwangu, uso wake ukinitazama mimi. Nilisoma, nikaandika, nikasema, "Anayefuata." Palikuwa na Bi mmoja mtu mzima ambaye kila siku alinyoosha shingo juu ya meza ajaribu kuona mshale. Mimi, mgeni wa kazi wakati ule, niliona ananidharau. Sikumwibia hata gramu moja. Lakini yeye angejuaje?

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa afisa utumishi kwenye kampuni ya tatu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuigeuza mizani, nikaiweka ubavuni ili karani na mbanguaji waone pamoja. Kisha nikanunua vidaftari, kila mmoja na chake, tarehe, kilo za viini vizima, kilo za vipande, saini ya karani. Mhasibu aliniambia ninawafundisha wanawake kudai. Kilichotokea ni kwamba malalamiko ya kupunjwa, yaliyokuwa yakinijia kila Jumamosi, yaliisha kabla ya mwezi kwisha.

Kiwanda kile baadaye kilipata mbia mpya, na mbia akataka kujua kampuni inadaiwa nini kabla hajaweka saini. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa imeharibika wiki mbili nyuma. Wanawake wakaitwa. Wakaja na vidaftari vyao, vingine vimefungwa kwenye nailoni, vingine kwenye pindo za khanga, vyenye madoa ya mafuta ya korosho kila ukurasa. Tulikaa navyo kuanzia saa mbili hadi adhuhuri, tukajumlisha, na hakuna aliyebishana na hesabu ya mwenzake. Wote walilipwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.